Asante ya Mkurugenzi

Benchi la pale kona lilikuwa mlango. Mlango mzima wa mbao ngumu, uliong'olewa kwenye ofisi fulani ya umma ilipokarabatiwa, ukalazwa juu ya matofali na kuachwa na tundu lake la kitasa na maandishi yake ya rangi nyeupe: CHUMBA NA. 14. Waliokaa juu yake kila alasiri walipenda kusema kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo mwananchi anaikalia serikali. Mbele ya benchi kulikuwa na jiko la mkaa, juu ya jiko birika lililokuwa jeusi kwa moshi, na nyuma ya birika mwanamke mwenye aproni ya kijani ambaye jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Aliitwa Mama Birika, na alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa kwenye kona hiyo. Ijumaa ile, saa kumi ilipita na kahawa haijamiminwa. Mwenye birika alikuwa amesimama tu, mikono ndani ya mifuko ya aproni, akiutazama ukuta wa upande wa pili wa barabara, ambako tangu asubuhi zilikuwa zimebandikwa karatasi nne.

Karatasi zile zilikuwa orodha. Manispaa ilikuwa imetangaza kwamba kila anayefanya biashara barabarani aombe upya nafasi yake, na maombi yafanywe kwa simu tu, si kwa karatasi wala kwa kusimama dirishani. Muda ulikuwa umefungwa, na majina ya waliokubaliwa ndiyo hayo. Ambaye jina lake halimo, Jumatatu saa sita mchana askari wa manispaa wangekuja na gari kumwondoa. Jina la Mama Birika halikuwemo.

Vitufe alivuka barabara na begi begani, kichwa kikimgonga kama kina fundi seremala ndani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka kona, na jina hilo alipewa na kijiwe siku ya kwanza alipoulizwa anafanya kazi gani. Alijibu kwamba anapanga kurasa za simu ambazo watu huzitumia kuomba huduma za umma: kitufe gani kikae wapi, maneno gani yatangulie, ili mtu asipotee njiani. Mzee wa kijiwe waliyemwita Wakili alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mtu mzima, mwenye shahada, kazi yake kupanga vitufe. Jina likaganda hapo hapo.

Siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lolote. Wakili, ambaye hakuwahi kuwa wakili bali alibeba mafaili ya mahakama kwa miaka thelathini mpaka akastaafu, alisogea kumpa nafasi. Spana, fundi wa gereji ya jirani, alikuwa na grisi mpaka viwikoni na hakuinua macho.

— Umeiona? Wakili aliuliza, akiuonyesha ukuta kwa kidevu.

— Nimeiona.

Hakusema kwamba aliiona tangu saa tatu asubuhi, mezani kwake, kabla gundi haijakauka ukutani. Wala hakusema alichofanya saa sita mchana. Alikaa juu ya namba kumi na nne na kulipakata begi lake kama mgonjwa anayeshikilia tumbo.

— Nimesoma mara nne, mwanangu, Mama Birika alimwambia. Nikamwomba Wakili anisomee. Nikamwomba na Spana.

— Spana hajui kusoma majina, Wakili alisema. Anasoma namba za magari.

— Angalau mimi nasoma nikiwa nimefumbua macho, Spana alijibu.

Hakuna aliyecheka. Mama Birika alianza kumimina hatimaye, na mkono wake, ambao Vitufe hakuwahi kuuona ukimwaga hata tone, ulimwaga.

Wakili alishika kikombe chake kama anashika faili. Alikuwa na maelezo tayari, na aliyatoa taratibu, akituliza sauti kila alipofika mahali alipopaona pazito. Orodha, alisema, iliandikwa zamani, kabla hata ya tangazo. Maombi yalikuwa maigizo. Watu wa ofisi walikaa chini, wakaita mashemeji, wakaita wajomba, nafasi zikagawanywa zote, ndipo mwananchi akaambiwa haya sasa, chukua simu ujaze.

— Una ushahidi gani? Spana alitaka kujua.

— Soma majina. Namba tano na namba sita ni ukoo mmoja.

— Namba tano na namba sita ni muuza miwani na mkewe. Wako pale mbele. Unawasalimia kila siku.

— Ndiyo maana nakwambia wamejipanga.

Spana alitikisa kichwa kwa huruma, kama anavyowatikisia kichwa wenye magari wanaojitambulia ugonjwa wa injini. Kwake yeye watu hawakuhusika kabisa. Tatizo lilikuwa mashine. Gari lina kichujio cha mafuta, alieleza. Mafuta yanapita, uchafu unabaki. Na hiyo mashine ya manispaa ina kichujio chake. Unapofungua ukurasa, inaipima simu yako. Ikiona simu ya maana, inapitisha. Ikiona kioo kimepasuka na betri imefungwa kwa raba, unabaki na uchafu.

— Yangu haikupasuka, Wakili alipinga.

— Wewe huna biashara. Hukuomba kitu.

— Nazungumzia kanuni.

Vitufe alisikiliza akitazama chini. Siku nyingine angefurahi. Kwa miaka miwili alikuwa akikaa hapa baada ya kazi na kuyapenda mazungumzo haya, namna kila mmoja alivyouchukua uongo wa mwenzake, akauongezea ghorofa. Leo kila neno lilimkera. Alikasirika kwamba Wakili anasema kwa uhakika jambo asilolijua, na Spana naye. Akakasirika zaidi kwamba yeye analijua na amekaa kimya.

Alikuwa amejifunza kazi yake mahali pengine. Miaka minne ya mwanzo aliajiriwa na kampuni ya kamari ya mtandaoni, na huko alikuwa hodari. Kitufe cha kuweka dau alikichora yeye: kikubwa, chekundu, kinachomfuata mtu popote aendapo ndani ya ukurasa. Mlevi alikiona. Mtu aliyekuwa akilia alikiona. Aliacha kazi ile baada ya kumzika mama yake, alipokuwa akipanga karatasi za marehemu na kukuta bahasha imejaa vijikaratasi vya foleni, vya ofisi hii na ile, miaka na miaka ya njoo kesho. Akajiambia kwamba kama anaweza kuwafikisha watu kwenye dau bila kukosea, anaweza kuwafikisha kwenye haki yao. Manispaa ikamwajiri kwa nusu ya mshahara, na aliingia siku ya kwanza akiwa na furaha kama bibi harusi.

— Mimi najua ni nini, Mama Birika alisema ghafla.

Wote wakamgeukia.

— Nilimsema vibaya mkurugenzi. Siku mbili kabla sijajaza. Simu ilikuwa hapa juu ya benchi, na mimi nikasema yule bwana ana mashavu ya mtoto aliyeficha peremende. Itakuwa ilisikia.

Wakili alikaa wima. Jambo hili lilikuwa limemfungulia mlango mkubwa. Aliwaomba wakumbuke ile picha waliyoiona kwenye simu za walioomba. Mtu anajaza jina, anajaza namba ya kitambulisho, anajaza mahali anapofanyia kazi, na mwisho, anapodhani amebaki peke yake, anatokea nani? Mkurugenzi mwenyewe, amevaa tai, anacheka.

— Kwa nini acheke? Wakili aliuliza. Hebu niambieni. Mtu wa serikali anamchekea nani bure? Picha ile ina jicho. Imewekwa pale ikutazame usoni. Ikikuona umenuna, inakutoa.

Spana alitaka kucheka, kisha uso wake ukabadilika.

— Muuza miwani, alisema polepole, alijaza akiwa amevaa miwani nyeusi.

— Unaona.

— Na mkewe pia.

— Basi kesi imekwisha, Wakili alisema. Ile picha imewekwa pale kutuzuia.

Vitufe alicheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Kilitoka kama kikohozi, na kilipokwisha macho yake yalikuwa mekundu.

— Wakili, miaka yote hii unabahatisha, alisema. Leo umekaribia.

Wakili na Spana wakasogea karibu naye.

Aliwaeleza tangu mwanzo, bila kupamba. Katika mchoro wake, mtu akimaliza kujaza alionyeshwa alama ya kijani ya vema, ya kumtuliza kwamba hakukosea mahali, na chini ya alama hiyo kulikuwa na kitufe cha kutuma. Mkurugenzi alipoona, akasema ukurasa una upweke. Akaagiza picha yake iwekwe chini ya alama ile, na chini ya picha maneno makubwa ya asante kwa kushirikiana nasi. Picha ikakisukuma kitufe mpaka nje ya kioo cha simu. Anayetaka kukiona ilibidi ashuke chini, aipite tai, aipite asante, aendelee kushuka.

— Kwa hiyo nikiona asante, Mama Birika alisema, nilikuwa sijatuma.

— Ulikuwa hujatuma.

— Na mimi nikaizima simu.

— Watu mia nne na kumi na mbili walianza kujaza. Karibu wote walifika kwenye ile asante. Waliokwenda mbele yake ni sitini na mmoja. Nilimpelekea mkurugenzi hesabu hiyo leo saa sita, mezani kwake.

Aliwasimulia na hilo. Chumba baridi, picha ile ile ukutani, ila kubwa zaidi. Mkurugenzi alizisoma zile namba akasema hao wengine hawakuwa makini, na mtu asiyekuwa makini na fomu atawezaje kuwa makini na usafi wa barabara. Vitufe alisema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mbele ya mkubwa, kwamba huko kwenye kamari hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kushindwa kukiona kitufe, na wale walikuwa wakitaka kumnyang'anya mtu. Iweje wao wanaotaka kumpa wakifiche chini ya mashavu ya mkubwa.

Spana alijipiga gotini kwa kiganja. Wakili alimwomba arudie hapo kwenye mashavu.

— Hukusema hivyo, Mama Birika alisema.

— Nilisema picha. Mashavu niliyameza.

— Akasemaje?

Hapo ndipo Vitufe alipotamani asingeanza. Alifungua begi, akatoa karatasi chache zilizobanwa pamoja, akaziweka juu ya mlango, juu ya tundu la kitasa.

— Akanitolea hii. Ripoti yangu mwenyewe.

Wakili alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, kwa ile sauti ya mahakamani ambayo haijui inasoma kifo au kodi. Mfumo ulijaribiwa na washiriki wanane, wafanyabiashara wa barabarani. Wote wanane walimaliza bila tatizo. Chini yake sahihi.

— Wanane gani? Spana aliuliza.

— Nyinyi.

Walikumbuka. Ilikuwa miezi mitano nyuma, wiki nzima, Vitufe alikaa nao hapo na simu ya ofisi, akampa mmoja mmoja ajaribu kujaza kama anaomba kweli. Mama Birika alikuwa wa kwanza. Spana alijifanya muuza matairi. Walifurahi, maana hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuja kuwauliza kitu kabla hakijaamuliwa.

Na katika kazi yake, Vitufe aliwaambia, kuna kanuni moja ambayo hufundishwa siku ya kwanza, ambayo yeye mwenyewe amewafundisha wengine. Unapomwangalia mtu anajaribu, unafunga mdomo. Akikwama, unamwacha akwame, na unaandika mahali alipokwamia. Ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni rangi.

— Mlikwama pale pale, alisema. Kwenye alama ya kijani. Hata kabla ya picha, kitufe kilikuwa kimekaa kwenye ukingo wa chini wa kioo, nusu kinaonekana, nusu hakionekani. Watano kati yenu mlisimama. Na kila aliyesimama, mimi nikamwambia shuka chini kidogo.

— Ndiyo, Mama Birika alisema. Ulisema hivyo. Ulikuwa umekaa hapa kulia kwangu.

— Kisha nikaandika mmemaliza bila tatizo. Na siku nilipoikataa ile picha, mkurugenzi aliniuliza, kama wote wamefika, picha itawazuia nini? Nikakubali shingo upande.

Spana aliinuka. Alikuwa mtu wa maneno mengi na hasira fupi, lakini hii haikuwa fupi. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ilhali grisi ile haikuwahi kutoka kwa kitambaa.

— Kwa hiyo ulitupa majibu ya mtihani, halafu ukajipa maksi wewe.

— Ndiyo.

— Na sisi tukaondoka hapa tunajiona wajanja.

— Ndiyo, Spana.

— Basi usije hapa kutuletea mashavu ya mkurugenzi. Yule hatujui, hatumjui. Wewe unamjua huyu mama. Unakunywa kahawa yake.

Wakili alijaribu kuingilia, akasema mtu anayekiri asipigwe kama anayekana, lakini Spana alimwambia anyamaze, na Wakili, kwa mshangao wa wote, akanyamaza. Vitufe hakujitetea. Hasira ya Spana aliiona ni ya haki, na aliitamani. Hasira kama hiyo dhidi yake mwenyewe alikuwa ameibeba peke yake tangu saa sita, na haikuwa na pa kutulia.

— Nilikuonea huruma, alimwambia Mama Birika, bila kumtazama. Ulifika pale ukauma mdomo. Nikaona unaaibika mbele ya wenzako. Sikuvumilia.

Mama Birika alikuwa akichochea mkaa kwa kijiti. Gari la taka lilipita, likapakia pipa la gereji, likaondoka.

— Sikuwa naaibika, mwanangu, alisema. Nilikuwa nafikiri. Mimi nikifikiri huuma mdomo.

Akaendelea kuchochea.

— Safari hii nilijaza nyumbani. Watoto walisema wanisaidie, nikakataa. Nikasema niliwahi kujaza mbele ya Vitufe mwenyewe, nikafaulu. Sikutaka hata kukusumbua wewe. Nilipoona ile asante nikauma mdomo, kweli, maana nilihisi kuna kitu. Lakini hukuwepo wa kuniambia shuka.

Vitufe angetukanwa ingekuwa nafuu.

Wakili ndiye aliyerudi kwanza kwenye mambo ya dunia. Alisema kwa tahadhari, akimchungulia Spana, kwamba yeye kwa mazoea ya mahakamani huanza kusoma karatasi kutoka chini. Na chini kabisa ya ile karatasi ya nne, kwa herufi za kuhitaji miwani, pameandikwa kwamba pingamizi lenye ushahidi lipelekwe kwa katibu wa manispaa kabla ya saa nne asubuhi Jumatatu. Kwa katibu, alisisitiza, si kwa mkurugenzi.

— Ushahidi gani? Spana alisema. Tupeleke asante?

— Barua yangu, Vitufe alisema. Niandike kwamba ripoti ni ya uongo.

— Watakufukuza.

— Watanifukuza.

— Na katibu atasema mfanyakazi aliyegombana na mkubwa wake amebadilisha maneno, Wakili alisema. Leo unasema walimaliza, kesho unasema hawakumaliza. Mimi nimebeba mafaili ya namna hiyo, mwanangu. Huwa mepesi.

Walikuwa bado hapo, kila mtu na kikombe kilichopoa, alipofika bibi mmoja ambaye hawakumzoea kijiweni. Aliuza mifagio mwisho wa barabara, karibu na kituo cha zimamoto, na alikuwa amebeba mitatu begani kama bunduki. Walimwamkia, naye akawaitikia marahaba wajukuu zangu, akauliza kama ni kweli hapa kuna binti anayejua mambo ya simu.

Wote walimtazama Vitufe. Ilikuwa mara ya kwanza katika dakika nyingi Spana kumtazama.

— Jina langu halipo ukutani, bibi alisema. Na mimi nilijaza. Nilijaza vizuri, hata jirani alisema.

Vitufe alifungua mdomo amweleze yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama alivyowaeleza wengine. Akaufunga. Kitu kilikuwa kimemjia, na kilikuja na woga wake, maana alijua kikishaandikwa kitakwenda na unga wake wote.

Alitoa simu ya ofisi. Ndani yake kulikuwa na nakala ya majaribio, sawa kabisa na ile ya kweli, picha na tai na kila kitu, isipokuwa haikutuma chochote popote. Akamkaribisha bibi akae juu ya mlango, katikati.

— Bibi, naomba unionyeshe ulivyofanya. Tangu mwanzo. Fanya kama uko nyumbani peke yako.

Kisha akawageukia wenzake. Sauti yake ilikuwa kavu.

— Na nyinyi, mtu asiseme neno. Hata moja. Wakili, nakuomba kwa Mungu.

Aligeuza ripoti yake, upande wa nyuma uliokuwa mweupe, akaandika juu kabisa ushahidi wa pingamizi, kisha tarehe, saa na mahali. Chini akaandika: wa kwanza, muuza mifagio.

Bibi alijaza. Alijaza taratibu, kidole kimoja, akitaja kila herufi kwa sauti ya chini kama anayehesabu mishono. Alikosea namba ya kitambulisho, akarudi, akairekebisha. Wakili alijishika magoti kwa mikono miwili. Ukimya ulikuwa ukimuuma mwilini. Spana alisimama nyuma ya benchi, kitambaa begani, akichungulia juu ya mabega ya bibi. Hakuna siku kijiwe kile kiliwahi kuwa kimya namna ile alasiri, kiasi kwamba muuza miwani aliinuka kitini kwake kule mbele kutazama kama kuna mtu amekufa.

Alama ya kijani ikatokea. Chini yake, mkurugenzi akicheka.

Kidole cha bibi kilisimama hewani. Alikunja uso kidogo, akaisogeza simu mbali, akairudisha karibu. Vitufe alihisi lile neno likimpanda kooni, jepesi, la upole, neno dogo tu ambalo lingemsaidia mtu mzima asiteseke. Alijikuta ameinama mbele, mkono wa kushoto umeshainuka.

Mama Birika akaukamata ule mkono kwenye kifundo, akaushusha, akaushikilia.

— Mwache, alisema kwa sauti ya chini sana. Anafikiri.

Bibi alifikiri. Walimwona akifikiri. Muda ulipita, mrefu kuliko Vitufe alivyowahi kumruhusu mtu yeyote, na ndani ya muda huo aliona kwa macho yake kila alichokuwa amekizima miezi mitano nyuma: mtu mwenye akili timamu akiutafuta mlango mahali ambapo yeye hakuuweka. Hatimaye bibi aliilaza simu juu ya mapaja yake, akapangusa kioo kwa ukingo wa kiganja.

— Hapo ndipo mwisho, alisema. Huyu bwana alinishukuru, na mimi nikamwambia karibu, nikazima nitunze chaji.

Vitufe aliandika: ameishia kwenye asante. Aliandika dakika. Ndipo akachukua simu, akashuka chini mbele ya macho ya bibi, akaipita tai, akayapita maneno makubwa, mpaka kile kitufe kikatokea, cha kijivu, kama kitu kilichosahauliwa na mafundi. Akamweleza kwamba hicho ndicho alichopaswa kukibonyeza, na kwamba bila hicho maombi yake hayakutoka kwenye simu, hayakumfikia mtu yeyote.

Bibi alikitazama kitufe, kisha akarudisha ukurasa juu mwenyewe, kwa kidole chake, mpaka kwenye picha. Aliitazama kwa muda. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayetaka kuelewa.

— Sasa niambieni wajukuu zangu, alisema. Kama sikuwa nimempa kitu, alikuwa ananishukuru nini?

Spana alitazama ukuta wa mbele na karatasi zake nne. Vitufe aliliandika swali lile neno kwa neno, kama kazi yake inavyotaka, bila kulinyoosha wala kulitafsiri, akaacha mstari mmoja mtupu chini yake. Kisha akaandika namba mbili, bila jina mbele yake.

Mama Birika aliinua birika amimine, akalitikisa. Lilikuwa tupu. Akaliweka kando ya jiko, akajifuta mikono kwenye aproni, akashuka barabarani kuelekea kwa muuza soksi, ambaye naye asubuhi alisoma karatasi zile mara nne.

— Usimwambie kitu, Vitufe alimwita.

— Simwambii, Mama Birika alisema bila kugeuka. Namwambia aje akae.